Barua kwa mwanangu, kabla hujapanda basi

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, mama yako mzima, bibi yako mzima ila magoti yake ndo yale yale, wadogo zako wanagombania simu asubuhi mpaka jioni. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unasema "sawa baba, nimekusikia baba" halafu unakata. Haya maandishi soma mpaka mwisho, mama yako kanifundisha kuangalia zile tiki za bluu kwa hiyo nitajua.

Nimeona picha. Usimgombeze mdogo wako, mimi ndo nilimwomba simu yake nikaikuta. Mmejazana kwenye kile chumba, pazia limeshushwa, madirisha yote yamefungwa ili zile taa za rangi zitoke vizuri, watu wanaimba midomo wazi, na barakoa yako nimeiona, umeivaa kwenye mkono kama bangili. Nilikaa nayo ile picha muda mrefu mama. Wewe ndo uliyekuwa mkali kuliko sisi wote mwaka jana, ya mwaka jana sitaki kuyarudia unayajua kuliko mimi, ila nashangaa tu imekuwaje. Watu wengine nilishawazoea, wewe hapana.

Huku nako maambukizi ya korona mwaka huu wa 2021 yanapanda na hakuna anayejali. Siku hizi huwezi kumaliza wiki hujasikia fulani kalazwa, fulani "ana mafua makali", maana neno lenyewe watu hawalitaji, ni mafua, ni malaria, ni uchovu, ni presha. Ndoo za kunawia bado zipo milangoni lakini ukifungua koki hakuna maji, na yule kijana wa kipima joto anakuelekezea kile kibastola kwenye paji la uso anaangalia pembeni, anaweza kukusomea 31 akakwambia pita mzee, sasa mtu mwenye 31 si angekuwa maiti jamani. Barakoa ziko kwenye videvu. Ukivaa yako sawasawa unaulizwa kwani unaumwa?

Lakini si hilo la kunawa lililonikalisha kuandika. Nanawa na wewe nawa, sabuni inakivunja kile kirusi maana ganda lake la nje lina mafuta, hilo halina ubishi. Kinachoninyima usingizi ni HEWA. Watu wameshika mambo ya mikono, wameshika kupuliza sanitaiza kwenye meza na viti, halafu wanaingia watu wengi chumba kimoja wanafunga madirisha wanaongea kwa muda wa saa 3. Hiki kirusi kinatoka na pumzi. Ukiongea kinatoka, ukiimba au kupiga kelele kinatoka zaidi, na vile vichembe vidogo kabisa havidondoki chini haraka, vinabaki vinaelea. Nimwelezeje mtu aelewe, basi fikiria moshi wa sigara, mtu akivuta nje unausikia kidogo unapotea, akivuta ndani madirisha yamefungwa hata ukikaa kona ya mbali nguo zako zitanuka. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo dirisha mama, kila unapoingia jicho lako la kwanza liende kwenye dirisha.

Na usiniambie baba umeyatoa kwenye zile meseji za kutumiana. Kuna kwaya moja jimbo la Washington kule Marekani, tarehe 10 Machi 2020, yaani siku moja tu kabla Shirika la Afya Duniani halijatamka kwamba hili ni janga la dunia, walikutana mazoezini watu 61. Walikuwa na sanitaiza mlangoni, hawakukumbatiana, walijua kuna ugonjwa. Wameimba kwa muda wa saa 2 na nusu wakaenda makwao. Kati ya wale 61 walioumwa ni 53, 33 kwa vipimo na 20 wenye dalili zote, na wawili wakafariki. Mtu mmoja tu alikuja na dalili kama za mafua. Sasa mikono yao ilikuwa safi, je hewa? Nikiiangalia picha yako naiona ile kwaya.

Najua utasema nyie vijana haiwasumbui. Wengi kweli haiwasumbui, sikatai, ingawa kuna vijana pia tumewazika. Shida ni kwamba mtu anaanza kuambukiza kama siku 2 kabla hajajisikia chochote, na wengine hawajisikii kabisa mpaka inapita. Na hii aina mpya ya kirusi, Delta, iliyopewa jina mwezi wa 5 mwaka huu, inasambaa haraka kuliko zile za mwanzo. Wewe utapanda basi mzima, utashuka mzima, utamkumbatia bibi yako mzima. Bibi yako ana miaka yake na ana sukari. Hapo sihitaji kumalizia.

Chanjo umeniambia "nitaenda". Hiyo nitaenda nimeisikia tangu lini? Mimi na mama yako tumeshachoma, bibi yako kachoma dozi zote, mkono ulimuuma siku mbili na akalalamika kama wiki. Wewe unayekaa karibu na kituo ndo bado. Na ukumbuke kinga haiji siku hiyo hiyo, inataka kama wiki 2 baada ya dozi ya mwisho ndo ikomae, kwa hiyo ukichoma leo ukapanda basi kesho umefanya vizuri ila kwa safari hii haijakusaidia. Ungenisikiliza mwanzoni tungekuwa tunaongea mengine. Haya, imepita, nenda tu. Na ukishachoma usianze kujiona chuma, aliyechanjwa bado anaweza kupata na kumpa mwingine, kikubwa inachofanya ni kupunguza sana uwezekano wa kulazwa na kufa.

Sasa harusi ya binamu yako. Hapa ndo pana mtihani maana unajua mimi ndo mwenyekiti wa kamati, na kuachia kiti haiwezekani, shangazi yako hatanisamehe mpaka kaburini. Kikao cha kwanza nilisema tufanye nje, hema lisilo na kuta, hewa inapita, viti vikae mbalimbali, na watu wapungue. Walicheka. Mmoja akasema mzee sasa hivi unataka tuoe porini. Wakaniambia ukumbi una AC kwa hiyo hewa itakuwa safi. Zile AC za ukutani hazileti hewa mpya jamani! Zinachukua ile ile ya humo ndani, zinaipoza zinairudisha, na kwa sababu ya ubaridi ndo watu wanafunga madirisha kabisa. Nilieleza mara mbili tatu, nikaona macho yao yameshahama, nikanyamaza, tukaendelea na ajenda ya mapambo. Kwa hiyo ukumbi umepita na sahihi iliyopo chini ya muhtasari ni yangu, usinikumbushe, mama yako ananikumbusha kila siku.

Ndo maana nataka wewe uongee na binamu yako. Bibi harusi akisema nataka nje, nani atabisha? Nyie mnasikilizana, mwambie picha za nje zinatoka nzuri kuliko za ukumbini, mwanga wa jioni na nini na nini, usianze na korona maana ukianza na korona ataona umetumwa na mimi. Ikishindikana kabisa basi milango na madirisha ya ukumbi yawe wazi mwanzo mpaka mwisho na hizo AC zizimwe, na hotuba zipunguzwe, yangu pia. Na wewe mwenyewe usikae ndani muda wote, ingia, pongeza, toka. Hakuna atakayekuandika jina.

Nilipokuwa kwenye ule msiba wa jirani wiki iliyopita nilipanga kukaa nje chini ya mti. Lakini unajua watu wanavyoangalia, mzee mzima unakaa peke yako nje kama una ugomvi na marehemu. Basi. Nilikuwa ndani, mstari wa pili, barakoa nilikuwa nayo. Bibi yako nimemwambia nina kikohozi cha vumbi ndo maana siku zile nililala chumba cha wageni, mama yako ndo anajua sababu. Hakikutokea kitu, siku 14 zinakaribia kuisha.

Jirani yetu yule wa nyuma, mke wake alipoanza kuumwa walimnunulia deksamethasoni wenyewe, eti ndo dawa iliyowaponya Waingereza. Ni kweli Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba inapunguza vifo, theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni, lakini utafiti huo huo ulionyesha kwa asiyehitaji oksijeni haikusaidia kitu, na dawa yenyewe inapandisha sukari. Watu wanashika nusu ya habari wanakimbia nayo. Sasa mtu kama bibi yako akipewa hiyo na jirani mwenye huruma itakuwaje? Ukisikia mtu anakuuzia dawa kwenye kundi la simu, naomba usiitume kwenye kundi la familia, shangazi zako wanainunua kabla hata hawajamaliza kusoma.

Kingine ni kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, ulichotuletea, kimetusaidia mno na sijawahi kukushukuru vizuri. Kila jioni nambana bibi yako, 96, 97, roho inatulia. Daktari alituambia 95 kwenda juu hakuna shida, ikishuka 94 mpigie, ikiwa chini ya 90 usingoje asubuhi. Maana ugonjwa huu una ujanja, mtu anaweza kuwa anaongea na kucheka kumbe oksijeni imeshashuka, ukisubiri mpaka ahangaike kupumua umechelewa. Mtaa mzima hapa wanakiazima, sasa sijui nikatae vipi. Na wewe ukija utabanwa, toa rangi ya kucha angalau kidole kimoja, ile rangi inakidanganya kipimo.

Ukija hivi ndivyo tutafanya, mama yako tumeshakubaliana naye. Kwenye basi kaa dirishani, ulifungue, wakilalamika upepo waambie unatapika, hakuna atakayelifunga. Barakoa ipande juu ya pua, pua mama, pua si pambo. Siku za mwanzo utalala chumba cha uani, bibi yako utakaa naye barazani, mtaongea mtakavyo, kukumbatiana baadaye. Atanuna. Alishaanza kununa nilipomwambia, kasema kwani mjukuu wangu ana ukoma. Mweleze wewe, mimi hanisikilizi, mimi kwake bado mtoto. Ukiamka na koo linawasha au hata kichwa tu kabla ya safari, usipande. Usijikaze kwa ajili ya harusi. Mimi nitabeba lawama, nimeshazoea.

Najivunia wewe, hilo ulijue, hata nikiwa nafoka. Kazi yako wanaisifu huku mpaka watu nisiowajua. Ila usiku ule nilipoiona ile picha nilitaka nikupigie saa 8 usiku, mama yako akachukua simu.

Sasa mambo ya nyumbani. Dirisha la chumba cha bibi yako limekwama, bawaba imeshika kutu, na ndo chumba kinachohitaji hewa kuliko vyote. Nimelipiga mafuta halijasogea. Fundi kasema anakuja Jumatatu, hakusema Jumatatu ipi. Nikiona anachelewa nitalitoa lote niweke wavu, mvua ikija tutajua. Pampu ya maji imepona. Paka kazaa tena kwenye lile sanduku lako la vitabu, vitabu nimevihamisha, viwili vimelowa, usiulize vipi. Mdogo wako hesabu zimemshinda, ukija umkalishe, barazani pia.

Njoo na barakoa za kutosha, za bibi harusi na wenzake pia ikiwezekana, wao hawatanunua. Na betri ndogo zile mbili mbili, lete pakiti nzima, maana mama yako alizitoa za kile kipimo akaweka kwenye rimoti siku ya taarifa ya habari, na leo jioni bibi yako hajapimwa.

Ni mimi baba yako.