Barua pepe ya vikapu: tukutane Jumamosi

Hamjambo wapendwa,

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Dunga, Kisumu, pale pale chini ya mti, tumalize barua pepe ya kuwatangazia wateja vikapu vya magugumaji. Mwezi jana niliituma peke yangu kwa haraka, watu wakapokea "Habari JINA" badala ya majina yao. Aibu yangu hiyo! Safari hii tuisome sote kwanza, na tujitumie wenyewe kabla ya wateja.

1. Kila mmoja aje na kichwa kimoja cha ujumbe, maneno sita hivi, maana simu hukata kinachozidi. "Kikapu cha sokoni, shilingi 850" kinavuta kuliko "OFA KABAMBE!!!"

2. Picha mbili, zipigwe nje asubuhi. Tutazipunguza ukubwa, tusiwamalizie wateja bando.

3. Mweka hazina, leta orodha ya waliokubali kuandikiwa. Wengine tusiwaguse, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa. Chini tuweke kiungo cha kujiondoa.

Mchango ni shilingi 100, bando na chai. Andika "nakuja" hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Ukishindwa kufika, tuma kichwa chako tu.