Julian Bond hakukataa kiapo, alinyimwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Wamarekani weusi waliopigania haki za kiraia nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mwandishi amemsifu John Lewis, mwanaharakati aliyekuja kuwa mbunge wa Atlanta huko Washington, na sifa hizo ni halali yake. Alipofika kwa Julian Bond akampa aya moja: kwamba alikataa kula kiapo cha ubunge wa Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, kwamba akaja kukaa humo miaka ishirini bila kuacha alama yoyote, kisha Lewis akamwangusha mwaka 1986.

Mimi si mwanahistoria. Nilikuwa karani wa vikao vya halmashauri, sasa nimestaafu, na maisha yangu yote ya kazi nimeandika mihtasari ya mikutano ambayo pengine hakuna aliyeisoma. Kwa hiyo habari ya nani aliapa, nani alikataa na nani alikatazwa siwezi kuipita kimyakimya. Bond hakukataa kiapo. Alifika tarehe 10 Januari 1966 tayari kuapa kama wenzake. Aliyekataa kumwapisha ni Katibu wa Bunge, kwa sababu wabunge 75 walikuwa wamewasilisha pingamizi.

Chanzo chake ni hiki. Mahakama zilikuwa zimelazimisha Georgia ichore upya maeneo ya uchaguzi kwa kufuata idadi ya watu, na Juni 1965 ukafanyika uchaguzi maalumu. Bond, mkuu wa habari wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliokuwa wakiandikisha wapiga kura vijijini kusini kwa hatari ya roho zao, akagombea eneo la 136 mjini Atlanta. Alizunguka mlango kwa mlango akiwauliza watu wanataka nini, akapata asilimia 82 ya kura. Januari 3, 1966, kabla hajaapishwa, kijana mwenzao Sammy Younge, aliyekuwa ametumikia jeshi la wanamaji, akauawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, katika ugomvi wa choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokuwa hawataki kupelekwa. Tamko lile Bond hakuliandika. Mwandishi wa habari alimuuliza kama analikubali, naye akasema analikubali.

Kamati ya Bunge ikamweka kitako siku ileile ya kuapa. Ikamuuliza kuhusu wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini. Akajibu kwamba hajapata kumshawishi mtu yeyote achome kadi, kwamba ya kwake anayo mfukoni na wakitaka ataitoa waione, ila anavutiwa na ujasiri wa mtu anayefuata dhamiri yake huku akijua adhabu inamsubiri. Ukiyasoma majibu hayo leo huoni mtu mkaidi. Unaona kijana wa miaka 25 anayepima maneno yake moja moja mbele ya wazee waliokwisha kuamua. Kura zikapigwa: 184 wamkatae, 12 apewe kiti.

Katika mwaka huo mmoja watu wa eneo lake walimchagua tena mara mbili. Dk. Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa eneo lile, aliongoza maandamano hadi kwenye jengo la Bunge na akajiunga na kesi. Mahakama ya chini, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema Bunge lilikuwa na haki. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ikasema halikuwa nayo. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo haliwezi kumbana mbunge katika kauli zake kuliko linavyoruhusiwa kumbana raia wa kawaida. Kile kikao cha 1966 kilikuwa kimekwisha zamani. Waliomchagua Bond walikipitisha bila mwakilishi.

Nilikaa miezi kadhaa kwa binti yangu anayeishi mji wa Marietta, kaskazini ya Atlanta, na siku moja akanipeleka kuliona jengo lenyewe, lile lenye kuba la dhahabu. Nje pamesimama sanamu ya kuwakumbuka wabunge weusi waliofukuzwa na Bunge hilohilo mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa. Sanamu hiyo waliiagiza wabunge weusi wa miaka ya 1970, wakati Bond akiwa mmoja wao. Nilisimama pale muda mrefu hadi binti yangu akaanza kutazama saa. Waliompigia kura ya kumkataa Bond walikuwa wanarudia kazi ya babu zao.

Sasa nije kwenye hiyo miaka ishirini. Alikaa Baraza la Wawakilishi tangu Januari 1967 hadi 1975, na Seneti ya Georgia hadi 1987. Bunge la jimbo kule si kama Bunge letu la Dodoma. Katiba yao inaliwekea siku 40 za kikao kwa mwaka. Ndani ya siku hizo mtu anapaswa kupeleka muswada, kuusindikiza kamati moja hadi nyingine, kutafuta kura za watu ambao baadhi yao ndio walewale waliomnyima kiti, kisha kungoja saini ya gavana. Miswada zaidi ya 60 aliyoiandika au kuidhamini ilikuja kuwa sheria. Waandishi huikimbilia Chicago ya 1968, alipotajwa kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic kuwa mgombea wa umakamu wa rais, naye ikabidi ajitoe kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Kisa kitamu, nakubali, lakini kilikwisha siku ileile.

Kwangu mimi alama yake ni ramani. Kila baada ya sensa, Bunge la jimbo ndilo linalochora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya kupeleka wawakilishi Bunge la nchi, Washington. Mwaka 1981, baada ya sensa ya 1980, Seneta Bond alileta mchoro wa jimbo la uchaguzi la tano, lile la Atlanta, ambamo weusi wangekuwa asilimia 69. Michoro ya awali ilikuwa inawagawa: kipande huku, kipande kule, wasitoshe kumchagua mtu wao popote. Seneti ikaukubali. Baraza la Wawakilishi, ambako kamati ya mipaka iliongozwa na Joe Mack Wilson, tena mtu wa hapohapo Marietta nilikokuwa nimefikia, likaukataa na kupitisha mchoro wa asilimia 57. Wanaojua namna watu walivyoandikishwa na walivyojitokeza kupiga kura wakati huo walielewa kwamba 57 kwenye karatasi ni chini ya nusu kwenye sanduku.

Hapo ikatumika Sheria ya Haki za Upigaji Kura ya 1965, iliyoyataka majimbo kama Georgia yapate kibali Washington kabla ya kubadilisha utaratibu wowote wa uchaguzi. Kibali kikakataliwa. Georgia ikaenda mahakamani, na mwaka 1982 majaji watatu wa huko Washington wakatamka kwamba ramani ile ilichorwa kwa makusudi ya ubaguzi. Maneno ya mwenyekiti Wilson kuhusu majimbo ya weusi yamo ndani ya hukumu. Mimi sitayaandika, gazeti hili wajukuu zangu wanalisoma. Ramani ikachorwa upya, weusi asilimia 65.

Matunda yake hayakuonekana mara moja. Wyche Fowler, mzungu, alikuwa akilishikilia jimbo hilo tangu 1977, na hata baada ya ramani mpya akashinda tena mara mbili. Alipogombea Seneti ya nchi mwaka 1986 kiti kikawa wazi, na Bond akatoka Seneti ya Georgia kukitafuta. Lewis naye akakitaka. Walikuwa marafiki tangu ujana, wote wawili wa SNCC. Mwaka 1964 walisafiri pamoja kwenda Guinea, wakawa wageni wa Rais Sékou Touré, na Lewis akaendelea hadi Nairobi. Katika kura za maoni za chama Bond aliongoza, asilimia 47 kwa 35. Ikabidi duru ya pili. Kampeni ikachafuka hadi Lewis akamtaka mwenzake wakapimwe mkojo, ijulikane nani anatumia dawa za kulevya. Tarehe 2 Septemba Lewis akashinda, 52 kwa 48. Weusi wengi, kama sita katika kila kumi, walimchagua Bond. Wazungu wa jimbo lile ndio waliompa Lewis ushindi.

Hapo ndipo mwandishi wenu amesoma matokeo bila kusoma muhtasari. Kiti alichokalia Lewis hadi kufa kwake Julai 2020 kilichongwa na Bond kwa kalamu, penseli na takwimu za sensa, miaka mitano kabla. Simwonei Lewis wivu kwa niaba ya mtu mwingine, alipigwa virungu na polisi huko Selma, Alabama, akiandamana kudai haki ya kupiga kura, na hilo linatosha. Lakini kusema Bond hakuacha alama, wakati Lewis amesimama juu ya alama yenyewe!

Najua atakalonijibu. Bond alilaumiwa, hata na wapiga kura wake, kwamba alikuwa mtu wa safari na hotuba, leo chuo hiki kesho kile, na kazi za eneo zikisubiri. Lawama hiyo ina ukweli. Udiwani niliouandikia mihtasari ulikuwa na watu wa namna hiyo, wanaingia kikaoni saa tano wakiwa na begi la safari. Ila kulikuwa na tofauti: wapo waliokuwa wakiingia saa tano wameshasoma makabrasha, na wapo waliokaa tangu saa mbili hawajayafungua.

Baadaye Bond alifundisha vyuoni, akaongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 15, 2015. Miaka miwili kabla ya kifo chake alishuhudia Mahakama ya Juu ikiondoa kigezo kilichoyalazimisha majimbo kuomba kibali, kwa hiyo njia aliyopitia mwaka 1982 ilifungwa naye akiona.

Ninaloomba ni dogo. Chapeni masahihisho kwamba Julian Bond alikuwa tayari kuapa na Bunge likamzuia. Kosa lenu lilikuwa ukurasa wa mbele, lina picha na herufi nene. Masahihisho yasije yakawekwa chini ya matangazo ya zabuni.

Msomaji wenu,
Karani mstaafu,
Tanga