Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jino Tunaloliziba Lina Uhai

Ndugu wanachama,

Tumekutana mara nne mwaka huu, na mara tatu tulijikuta tukirudi kwenye jambo lile lile: dawa tunazozibia meno zinazifanyia nini seli zilizo hai ndani ya jino? Habari za ada na matengenezo ya ofisi mweka hazina amezieleza vizuri; sitazirudia.

Mjadala ulianzia kwenye zebaki. Takriban nusu ya uzito wa amalgamu, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha, ni zebaki, na Umoja wa Ulaya umezuia amalgamu hiyo tangu Januari 1, 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hapana budi. Tanzania nayo imo katika Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki. Nafurahi kuiona ikiondoka. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi tumehamia kompoziti, dawa ya resini yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga, tukiamini haina madhara. Resini isiyoganda sawasawa huachia kemikali kama HEMA na TEGDMA, ambazo hupenya kwenye vijitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya gamba gumu la jino, hadi kwenye kiini, sehemu laini iliyo hai katikati ya jino. Humo hupunguza glutathioni, ambayo ndiyo kinga ya seli, na seli hudhoofika au kufa. Kadiri unavyokaribia kiini, vijitundu huzidi wingi na upana, hufikia makumi ya maelfu katika milimita moja ya mraba. Ndiyo maana shimo refu linataka uangalifu wa pekee.

Hayo nilikuwa nikiyasoma tu, hadi Machi nilipoyaona. Mama mmoja alirudi na gego nililomziba wiki tatu nyuma. "Daktari, nikinywa maji ya baridi yananipanda mpaka kichwani." Niliifungua ile kompoziti. Juu ilikuwa ngumu kama jiwe. Chini, ncha ya chombo ilizama kama kwenye nta. Nikaenda kupima taa yangu ya bluu ya kugandishia resini: nguvu imeshuka mno, na ncha imeganda ukoko wa resini ya zamani. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu sekunde 20 kwa taa iliyochoka. Nilimwomba radhi yule mama. Kiini kilikuwa bado hai, nikaziba upya kwa glasi ionoma, dawa inayoganda yenyewe bila taa, na maumivu yakatulia.

Kwa sababu hiyo kamati imenunua kipima mwanga kimoja cha kuzunguka matawini. Kompoziti iwekwe kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Penye shimo refu tujitahidi kubakiza angalau nusu milimita ya dentini juu ya kiini, na kiini kikifunuka tutandike hidroksidi ya kalsiamu, au MTA, aina ya saruji ya meno, kwa mwenye nayo. Hizo huziamsha seli zijenge dentini mpya.

Wanachama wa Pemba waliuliza kuhusu eujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu zao. Juu ya dentini, ikichanganywa na oksidi ya zinki, hupoza maumivu. Ikigusa kiini chenyewe huunguza seli. Tena huzuia resini kuganda, basi tusiweke kompoziti juu yake.

Nakumbusha pia kwamba ART, kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika ina njia nzuri ya kuokoa jino, na naomba tusiione kama tiba ya maskini.

Kipima mwanga kitaanzia mkutano ujao. Kila mmoja aje na taa yake.

Mwenyekiti