Malalamiko kuhusu boljointi na bushi mlizoniuzia kwa bei ya orijino

Likoni, Mombasa
28 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Duka la Spea za Magari,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: BOLJOINTI 2 NA BUSHI 4 ZA COROLLA NZE121, RISITI YA 8 MACHI 2025

Mimi ndiye yule mama aliyekuja kaunta kwenu Jumamosi ya tarehe 19 na boljointi iliyofungwa kwa gazeti. Kijana wenu hakulifungua gazeti. Alinambia, "Mama, fundi wako kakaza vibaya," kisha akamgeukia mteja mwengine. Jawabu hilo silikubali, na nitaeleza kwa nini.

Gari yangu ni ya 2003. Hubeba masufuria ya pilau kutoka Likoni kwenda kisiwani siku sita kwa wiki. Mwezi wa pili ikaanza kugonga mbele kila nikishuka mteremko wa feri. Fundi aliipandisha jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, akapenyeza mtaimbo kwenye amu, ule mkono wa chuma unaoliunga gurudumu na gari. Akaona boljointi zote mbili zinacheza, bushi (mipira inayokaa ndani ya amu) za amu za chini zimepasuka, na linki za stebilaiza, vile vijiti vya chuma vya kuizuia gari isilale kwenye kona, zimelegea. Shokapu hazikuwa zikivuja, tukaziacha.

Pesa za kununua kila kitu kizuri sikuwa nazo, kwa hivyo tulikaa tukapima. Linki ikifa hupiga kelele tu, nami kelele nimeshazizoea. Nikachukua za bei ya chini, mbili kwa sh 1,400, na hizo sina neno nazo mpaka leo. Boljointi si hivyo. Ndiyo inayolishika gurudumu kwenye amu, na ikichomoka gurudumu hulala na gari huketi chini palepale, iwe ni kwenye daraja la feri au mbele ya lori la kontena. Bushi nazo hutolewa na kutiwa kwa presi, mashine ya kukandamiza, na mwenye presi haulizi mpira ni wa bei gani: ukinunua dhaifu, utamlipa mara mbili. Mtumba wa Japani niliukataa pia. Shokapu ya mtumba ningeifikiria, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umekaa rafuni.

Basi nilikuja kwenu nikijua hasa pa kubana na pa kutobana. Kijana wenu aliniwekea aina mbili juu ya kaunta. Boljointi za sh 900 kila moja na bushi za sh 1,600 kwa seti. Na hizi nyengine, boljointi sh 2,600 kila moja, bushi sh 4,800. Nilimuuliza mara mbili kama hizi za bei ya juu ni orijino. "Ndizo zenyewe, mama, hutanikumbuka tena." Nikalipa sh 10,000, mbali na zile linki.

Wiki ya sita kugonga kule kule kukarudi pale pale feri. Mpira wa kuzuia vumbi wa boljointi ya kushoto umechanika mzunguko mzima, grisi imekuwa maji ya kahawia, na ukiishika kwa mkono inacheza kama jino bovu. Bushi mbili za upande wa nyuma wa amu zimeachana na chuma chake. Tuliposafisha boljointi tukaona jambo ambalo ningeliona mapema lau ningejua pa kutazama: jina la kampuni liko kwenye boksi na kwenye kibandiko, lakini chuma chenyewe ni kitupu. Ile kuukuu tuliyoitoa, pamoja na uzee wake, ina alama zilizopigwa kwenye chuma.

Sasa hilo la kukaza. Ni kweli bushi ikikazwa gari ikiwa juu ya jeki hujipinda ikishushwa, na mpira huchanika kabla ya wakati. Lakini mimi nilikuwa nimekaa hapo kwenye kigoda. Fundi aliishusha gari kwenye magurudumu yake, akaisukuma-sukuma ikae, ndipo akakaza nati za mwisho. Na tuseme alikosea: hiyo ingehusu bushi. Boljointi inazunguka yenyewe, haina mpira wa kujipinda kwa namna hiyo. Kijana wenu angelijua hili kama angefungua gazeti.

Sikuja kudai kitu cha rahisi kidumu. Ningetaka za 900 ningenunua za 900, na leo nisingeandika barua. Malalamiko yangu ni kuwa mliniondolea nafasi ya kuchagua.

Risiti yenu imeandikwa kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na fidia akipata hasara. Risiti haiwezi kuifuta Katiba.

Nataka mnirudishie sh 10,000 za boljointi na bushi, pamoja na sh 4,800 nilizolipa fundi, presi na alaimenti (kunyoosha magurudumu), kwa kuwa kazi yote itarudiwa. Jumla sh 14,800. Nawapa siku 14. Zikipita, spea hizi pamoja na boksi lake nitazipeleka kwa mamlaka ya bidhaa ghushi.

Gari imesimama juu ya mawe. Navuka feri kwa miguu na vijana wawili wa kunibebea masufuria, na hao nawalipa kila siku. Spea zote, mpya na kuukuu, ziko kwangu mkitaka kutuma mtu aje azione. Asubuhi sipatikani; nipigieni baada ya alasiri kwa nambari iliyo kwenye risiti.

Mteja wenu,
Mwenye Corolla ya Likoni