Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kalenda za Jua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima wa afya. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja skulini kwetu katika masika haya, na barabara yetu ndiyo hiyo uliyoiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu imeshughulikia mada moja tu: mwaka mpya wa jua katika nchi za Asia. Kilichotusukuma ni swali la nyumbani. Kila Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja yetu, hukoga mwaka, wakapigana kwa migomba na kuchoma kibanda, na wazee husema Nairuzi, yaani mwaka mpya, imeingia. Lakini Iran, ilikotoka Nairuzi, sherehe ni tarehe 20 au 21 Machi. Iweje sikukuu moja iwe Machi kwao na Julai kwetu?

Jibu limo katika robo ya siku. Mwaka wa jua ni siku 365 na takriban robo. Kalenda ya kale ya Uajemi, yaani Iran, ilihesabu 365 kamili, robo ikatupwa, kwa hiyo kila miaka minne sikukuu ilisogea siku moja. Wairani waliliona tatizo. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wataalamu wa falaki akiwemo Omar Khayyam walitengeneza kalenda iliyoufunga mwaka mpya kwenye siku jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini. Khayyam anasifiwa duniani kwa mashairi. Sisi tunaona kalenda yake haijapewa haki yake. Iran ya leo, kwa sheria ya 1925, ina miezi sita ya mwanzo yenye siku 31, mitano ya siku 30, na wa mwisho siku 29 au 30.

Wako wasiorekebisha. Waparsi wa India, wazao wa watu wa dini ya Zoroasta waliohama Uajemi, ambao baadhi yao waliishi hapa Unguja, ikiwemo familia ya mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, wengi wao mwaka mpya wao sasa unaangukia Agosti. Kundi jengine la Waparsi, la Kadimi, linausherehekea Julai, mwezi uleule wa Makunduchi. Na kalenda ya mabaharia na wakulima wetu, yenye miongo ya siku kumikumi, nayo ni ya siku 365 bila nyongeza, ndiyo maana Nairuzi yetu imesogea hata ikafika Julai.

Kuna na wa Aprili. Sri Lanka, Watamil, Bangladesh, Thailand, Myanmar, Kambodia na Laos huanza mwaka kati ya tarehe 13 na 17 hivi, jua linapoingia buruji ya Hamali, yaani kundi la nyota la Kondoo. Wao asili ya hesabu yao ni nyota, si ikweta. Hesabu hizo mbili zilikutana yapata miaka 1,700 iliyopita. Tangu hapo zinaachana siku moja kila miaka 70 hivi, na leo pengo limefika wiki tatu na ushei.

Sri Lanka ndiko kulikotushika zaidi. Baina ya mwaka wa zamani na mpya kuna saa zaidi ya 12 zisizo za mwaka wowote. Kazi husimama, moto wa jikoni huzimwa, hakipikwi kitu. Wanajimu hutangaza dakika ya kuuwasha tena, na ikifika, nyumba kwa nyumba huinjikwa chungu kipya cha maziwa yakachemka mpaka yakafurika, maana kufurika ndiyo heri yenyewe. Kisha huliwa *kiribath*. Mama zetu walipoelezwa upishi wake walisema huo ni wali wa nazi uliokatwa vipande, na hatukuwa na la kujibu.

Kwa Wabengali, inasimuliwa kuwa Mfalme Akbar wa Dola ya Mughal ya India ndiye aliyeamuru kalenda mpya mwaka 1584, kwa sababu kodi ilidaiwa kwa mwaka wa mwezi mwandamo na mavuno hayakuwa tayari. Mpaka leo wenye maduka hufungua daftari jipya siku hiyo, na mteja anayekuja kulipa deni hupewa vitu vitamu. Wenye maduka wa hapa kijijini tunawaomba waisikie habari hii.

Mheshimiwa, hatukuishia vitabuni. Tarehe 21 Machi tulisimamisha kijiti cha mita moja uwanjani. Saa sita na nusu mchana, jua lilipofika juu kabisa, kivuli kilikuwa kama sentimita 11 na kilielekea kusini. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walibisha, mpaka walipoelewa kwamba jua lilishapita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi, likiwa njiani kwenda ikweta.

Changamoto hazikosekani. Kijiti kiko katikati ya uwanja wa mpira, na wachezaji hawakipendi. Tufe la dunia tunaazima. Hivyo tunaomba tujengewe nguzo ndogo ya saruji ya kupimia kivuli, tupatiwe tufe letu, na tusaidiwe usafiri wa kwenda Makunduchi Julai hii, tukawarekodi wazee wanaojua kuhesabu miongo.

Baada ya risala hii tunakuomba upite kwenye meza yetu ya Kiajemi, yenye vitu ambavyo kwao majina yake huanza na herufi ya sini: kitunguu saumu, siki, tufaha, na dengu zilizooteshwa kwenye sahani. *Samanu*, uji mzito wa ngano iliyochipua, ulitushinda. Wali wa nazi upo, umeshakatwa vipande.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Historia na Jiografia.