Noti chafu na vidole vya muuza chakula

Mhariri,

Wapo wanaoshikilia kwamba pesa haziwezi kueneza maradhi. Mwaka 2008 watafiti wa Geneva walionyesha kuwa virusi vya mafua vikichanganyika na kamasi huweza kudumu kwenye noti hadi siku 17. Kweli, kudumu kwenye noti si kumwambukiza mtu; mafua hasa hupitia hewani. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo huingilia mdomoni, na hapo ndipo ninapohofu. Hapa Mombasa muuza viazi karai hupokea noti iliyolowa jasho, hurudisha chenji, kisha kwa vidole vivyo hivyo huokota kiazi. Kaunti iwalazimishe wauzaji watumie koleo, na waweke ndoo ya mfereji na sabuni, kama wakati wa korona.

Msomaji,
Mombasa