Mjomba amekata springi za gari langu, na ndiye aliyenisomesha

Shikamoo Anti. Kumekucha na sijapata usingizi. Naomba usinijibu kwamba gari ni chuma tu, maana chuma kinatengenezeka. Kinachoniuma ni neno alilonitamkia mjomba mbele ya vijana wake wa gereji: "Nimekusomesha mimi, leo unifundishe kazi?"

Gari lenyewe ni Vitz, ile ya matairi ya 165/70 inchi 14. Nilitaka lishuke kidogo tu, bodi ikaribie chini, likae vizuri. Watu wanadhani kila anayeshusha gari ni mhuni wa kukimbizana usiku. Mimi nina kazi na nina mke mjamzito. Nilinunua springi za kushusha sentimita tatu pamoja na shokapu fupi zinazoendana nazo, kwa sababu shokapu ya kawaida ukiishusha mno inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, inakufa mapema. Nikampelekea mjomba kila kitu ndani ya boksi. Ningempelekea nani mwingine? Ukoo mzima ungeniuliza kwa nini hela napeleka kwa watu baki.

Jioni nafika, boksi halijafunguliwa hata gundi. Alichukua grainda akakata springi za gari zenyewe, mbele na nyuma, akaniambia amenipunguzia gharama, vya kwenye boksi nikauze. Shokapu kaacha zilezile ndefu. Nikamuuliza kwa adabu, Anti, Mungu ni shahidi, sauti sikupandisha: springi iliyokatwa itakaaje kwenye kikombe chake, pale inapokalia? Ncha yake imeundwa kufuata umbo la kikombe, na gari likipigwa jeki springi fupi inalegea, inaweza kuhama. Ndipo akanijibu lile neno. Vijana wakacheka, na mmoja wao nimemzidi umri mbali sana.

Sasa kila tuta gari linashuka mpaka kwenye raba za shokapu, linagonga. Barabara zetu za ndani huku Kinyerezi unazijua. Mke amegoma kulipanda, anagombea daladala na tumbo lile. Matairi ya mbele yanaliwa upande wa ndani wakati upande wa nje bado yana meno kama ya dukani. Gari likishuka sana matairi yanalala, juu yanaingia ndani, na mwelekeo wake unabadilika, na alaimenti, yaani huo mkao wa matairi, haikupimwa. Mjomba anasema niliuziwa matairi feki. Nilipomwambia tukapime alaimenti akarudia yaleyale ya kunisomesha.

Ni kweli, baba alipofariki ada alilipa yeye mpaka nikamaliza kidato cha nne. Sijawahi kusahau, na kila sikukuu namkumbuka. Lakini ada ndiyo inampa ruhusa ya kukata mali yangu bila kuniuliza? Mama anataka niende nikaombe radhi. Radhi ya kosa gani?

Kuna fundi mwingine ameliangalia. Anasema atafunga vya kwenye boksi, abadilishe raba zilizosagika, akague boli jointi, zile jointi za miguu ya mbele, na buti za ekseli, zile raba za kufunika jointi zake, kisha niliendeshe kidogo springi zitulie ndipo tupime alaimenti. Namwamini. Ila gereji yake iko mtaa mmoja na ya mjomba, na gari langu analijua kwa mlio. Nikipeleka pale nimemtukana? Au nimrudishie mjomba afunge yeye, mimi nikisimama pembeni?

Usiku huu nimewaza niende Gerezani nitafute springi za kawaida zilizotumika, lirudi juu kama zamani, yaishe. Halafu nikajiuliza, nirudi juu kwa nini, wakati vya kushushia nimenunua kwa jasho langu? Nataka lishuke, Anti. Na nataka mjomba aseme mbele ya vijana walewale kwamba hakuniuliza. Au asiseme chochote, alifungue tu lile boksi.

Jumapili kuna kikao cha posa ya mdogo wangu nyumbani kwa mjomba, na mimi ndiye wa kumpeleka mama. Nikienda na gari litagonga mpaka getini kwake, atasikia. Nikienda na bajaji wataniuliza gari liko wapi. Nakuomba unijibu kabla ya hapo.